Siku Ulipovaa Koti la Babu

Feza mwanangu,

Sasa hivi umegeuza simu yako uso chini juu ya mukeka, umesimama, umekwenda nyuma ya nyumba kuanua nguo. Umeigeuza polepole, namna mutu anavyofunika chungu asitake wengine waone kilichoungua ndani. Nilikuwa natwanga majani ya sombe hatua mbili kutoka kwako, ukadhani sioni. Nimeona.

Acha niandike ilivyokuwa, ili ukisoma huko mbali ukumbuke saa hii hii. Yule Miora, binti wa Madagaska mutakayelala naye chumba kimoja kule Moroko, ameonyesha video ya watu wa kwao. Wamefungua kaburi la babu yake, wamemutoa, wamemufunga sanda mpya juu ya ile ya zamani, wamemubeba mabegani na wanacheza naye. Kuna ngoma na tarumbeta, na mama mumoja munene anacheka mpaka kitenge kinataka kumuanguka. Umeniletea niangalie, macho yamekutoka. Mimi sijafungua hata kinywa, wewe umekwisha kuandika katika kundi la wanafunzi wapya kwamba unaomba ubadilishiwe chumba, hicho ni chumba cha wachawi. Umeandika Kifaransa, lakini neno la uchawi mimi nalijua kwa Kifaransa pia, darasa langu la pili ya sekondari linatosha. Ukaweka na vile visura vinavyocheka mpaka machozi. Wengine wakacheka nawe. Miora naye yuko katika kundi lile. Baada ya muda kidogo video yake ikatoweka, na yeye hajaandika hata neno.

Ndipo nikakuambia kitu kimoja tu. "Na wewe koti ya Babu uliivaa. Nani alikuita muchawi?"

Ukajibu bila kuniangalia: "Ah, mama, ile yetu ni tofauti."

Basi nimeacha sombe kwenye kinu, nimechukua kurasa zilizobaki katika daftari lako la kemia, nimekaa hapa kwenye ngazi ya mulango. Jua bado liko juu, baba yako na mujomba wako Ramazani wanabishana namna ya kufunga sanduku lako nyuma ya piki-piki ili lifike Kindu bila kupasuka. Wana kazi ya saa nzima, kila mumoja ana kamba yake anayoiamini. Mimi nitaitumia saa hiyo.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya pasipoti kukaa kifuani na si ndani ya mufuko, bibi yako na shangazi zako wameyasema wiki nzima mpaka umeanza kuitikia bila kusikia. Mimi sitaongeza. Hata la kuishi katikati ya dini nyingine sitakuambia. Wewe ni mutoto wa kanisa uliyeamka miaka yote kwa sauti ya muezini wa Kasongo, na sikukuu zao umekula pilau yao kuliko watoto wao wenyewe. Huko unakoenda adhana itakuwa kitu cha nyumbani. Kwa hiyo sina woga nawe, Feza. Nina neno moja tu, nalo linahusu lile ulilosema, kwamba yetu ni tofauti.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Unajua. Tumekua pamoja kidogo mimi nawe, kuna mambo niliyojifunza wakati wewe ulikuwa unajifunza kuhesabu. Ulipokuwa na miaka tisa nilikuacha kwa Babu, nikaenda kuuza chakula Wamaza, karibu na machimbo ya zahabu. Wewe unakumbuka tu kwamba mama alirudi na viatu vyekundu. Habari ya Mama Neema nilikuambia nusu. Leo nakupa nzima.

Nilipofika Wamaza sikuwa na mutu. Rezo ya simu ilipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kimoja nyuma ya kisima, na kila jioni nilipanda pale na simu yangu kama mutu anayekwenda kusali. Niliongea na dada zangu wa Kasongo. Nilijua Kasongo wamepika nini, nani amegombana na nani, mutoto wa nani ameota jino. Na yule mwanamuke aliyekuwa akiishi mulango wa pili kutoka kwangu, miezi mine nilikuwa simujui jina. Alikuwa akiniamkia asubuhi, ninajibu huku naangalia kama betri ya simu imejaa moto. Unaweza kuwa mahali na usiwe pale, Feza. Mimi nilikuwa Kasongo, mwili tu ndio ulikuwa unauza maharagi Wamaza.

Huyo mwanamuke ndiye Mama Neema. Alikuja kutoka upande wa Bukavu pamoja na baba yake, muzee mwembamba mwenye koti la rangi ya kahawa na kikohozi cha kujulikana. Tulikutana kwa kweli siku nilipoanguka kutoka kwenye kile kichuguu, nikaumia kifundo cha muguu. Yeye ndiye aliyenibeba. Njiani akaniambia: "Mama Feza, mimi niko hapa chini miezi mine. Wewe unatafuta watu juu." Tulicheka mpaka akashindwa kunibeba, tukakaa njiani.

Basi tukawa kitu kimoja. Alinifundisha kutuma vokali, sauti yangu mwenyewe ndani ya simu, maana mimi nilikuwa ninaandika tu, tena pole pole. Na yule muzee nikamufanya babu yangu. Wewe unajua sisi tunavyofanya na mababu. Nilimuita bwana yangu, yeye akaniita muke yangu, nilimupelekea chai nikimutisha kwamba nitamuacha niolewe na kijana mwenye meno. Alipenda. Nilijiona nimefika, nimewajua watu wale mpaka ndani.

Muzee akafa wakati wa mvua. Na mimi nikafanya kile ambacho mujukuu wa kwetu angefanya. Hakuna aliyenituma. Nilivaa lile koti lake, nikavaa kofia yake, nikaingia pale kwenye kilio nikikohoa kikohozi chake, nikauliza kwa sauti yake: "Munalia nini, chai iko wapi?" Watu wa kwetu waliokuwa pale wakacheka, wakaitikia, mumoja akaniletea kikombe kitupu. Mama Neema alikuwa amekaa chini. Aliniangalia tu. Nilidhani ni uchungu unaomuzuia kucheka. Nilikuwa nimemupa kijana mumoja simu yangu anichukue video, na jioni, Feza, mimi mwenyewe, kwa kidole changu mwenyewe, niliituma katika kundi la wanawake wa soko. Nilikuwa najivuna. Nilitaka waone nilivyomupenda muzee.

Video ile ilikuwa fupi sana. Simu ilichukua kicheko, machozi ikayaacha. Haikuonyesha kwamba kabla ya kuvaa lile koti nilikuwa nimelia nyuma ya nyumba mpaka nikatapika. Haikuonyesha usiku mbili nilizokaa na muzee nikimupa maji kwa kijiko. Ilionyesha mwanamuke asiyejulikana, amevaa nguo za marehemu, anamuigiza, na maiti iko nyuma yake. Wanawake wa soko wakaituma kwa wengine, na wengine kwa wengine, ikafika kwa ndugu zake Mama Neema kule kwao, wale walioshindwa kuja kuzika kwa sababu ya njia. Hiyo ndiyo picha ya mwisho ya baba yao waliyoipata.

Mama Neema alikuja kwangu siku ya tatu. Hakupaza sauti. Alisimama pale nilipokuwa nawasha mukaa, akaniuliza: "Mama Feza, baba yangu alikukosea nini?"

Na mimi, mwanangu, nilijibu nini? Nilijibu: "Ah, sisi kwetu hiyo ni heshima."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mwangu mara nyingi kuliko sala. Haina uongo ndani yake. Kwetu ni heshima kweli. Lakini yeye hakuja kuniuliza habari za kwetu. Alikuja na jeraha lake mukononi, nami nikamuonyesha desturi yangu. Kama ningesema "nisamehe, sikujua, niambie kwenu munafanya aje", nadhani angekaa chini. Alikuwa mutu wa kukaa chini. Badala yake alikunja kitenge chake vizuri, akasema "sawa", na kabla ya mwezi kwisha akahamia machimbo mengine, mbali. Mpaka leo sijui kama kilio cha kimya, kisicho na michezo, ni cha kabila lake lote au ni cha nyumba yao tu. Sikuuliza wakati nilipokuwa na mutu wa kuuliza.

Baadaye nilimutumia vokali. Nilipanda kile kichuguu, nikasema yote, nikalia humo ndani, dakika nzima na zaidi. Ikabaki na alama moja. Ikifika kwa mutu zinakuwa mbili, wewe ndiye unayejua hayo vizuri. Yangu iko na alama moja mpaka leo, labda alibadilisha namba, labda simu ilianguka ndani ya maji. Kila nikibadilisha simu ninahakikisha ile vokali haipotei. Baba yako anasema ni wazimu. Labda.

Sasa, ile siku ya Babu yetu. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Babu ndiye aliyekulea wakati mimi niko Wamaza, na wewe ndiwe uliyekuwa muke wake mukubwa, wale wajukuu wengine ulikuwa unawafukuza kwenye kiti chake. Alipokufa hukumuuliza mutu. Uliingia ndani ya chumba chake, ukatoka na koti lake likiburuta chini, miwani yake ukaiweka juu ya paji la uso kama alivyokuwa anaisahau, ukaanza kuzunguka katika kilio ukiuliza nani ameiba miwani yangu. Watu walianguka kwa kicheko. Kisha wakati wa kumutoa ukalala mbele ya mulango, ukakataa jeneza lipite mpaka wakuombe kwa heshima kama muke wa marehemu. Baba yako mukubwa alipiga magoti mbele yako, yule mutu asiyepiga magoti hata kanisani.

Nilikuchukua video. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kujifunza, sikuituma popote. Iko katika kadi ya simu yangu ya zamani. Na hata hiyo haionyeshi yote, maana jioni, watu walipokwenda, nilikukuta umelala chini ya kitanda cha Babu ndani ya lile koti, mikono yake imekufunika viganja, na shingo ya koti imelowa. Simu ilikuwa imezimika. Hiyo nimeiona mimi peke yangu.

Kwa hiyo ulipoona watu wa Miora wanacheza na babu yao, umeona dakika moja. Hukuona kilichotangulia wala kilichofuata. Mimi nimeiangalia video ile mara mbili ulipokuwa unaandika, Feza, na nimemuona mutu mumoja ambaye wewe hukumuona. Kando, karibu na ukuta, kuna mwanamuke mwembamba, hachezi. Ameweka mukono wake juu ya ile sanda, anaongea nayo. Midomo yake inaenda kabisa kama mutu anayetoa habari za nyumbani. Labda anamuambia: mujukuu wako anakwenda Moroko kusoma. Sijui, sijui lugha yao. Lakini mukono ule ninaujua.

Umesema yetu ni tofauti. Ni kweli. Na ya Miora ni tofauti, na ya Mama Neema ilikuwa tofauti. Kila mutu anaanzia hapo. Shida yangu mimi ilikuwa kwamba nilimalizia hapo pia.

Tangu Wamaza nimekuwa na swali moja tu, na kwa swali hilo nimeishi vizuri. Kwenu munafanya aje? Basi. Unakumbuka yule mufanyabiashara aliyekuwa anakula kwangu hapa sokoni, kila siku anabakiza ugali na kipande cha nyama? Nilidhani hapendi mukono wangu. Nikawa ninamupunguzia, yeye anabakiza kile kile, ninapunguza tena. Alikuwa anakonda mbele yangu. Siku moja nikamuuliza. Akasema kwao kumaliza sahani ni kumuambia mupishi kwamba amekunyima. Na yeye siku zote alikuwa anajiuliza amenikosea nini mpaka ninamupimia kama mugonjwa. Tulikuwa watu wawili, kila mumoja anamuheshimu mwenzake, na mumoja alikuwa anakufa njaa.

Huko kutakuwa na kundi la Wakongomani. Ingia, hao ni ndugu zako, siku ya homa watakuletea uji. Lakini usikae humo kama nilivyokaa juu ya kichuguu. Na kwangu usinitumie tu zile picha za kusimama karibu na maua. Mimi nilizituma kutoka Wamaza, nikicheka kwa meno yote, na nilikuwa na malaria ya kutetemeka. Bibi yako alikuwa anawaonyesha majirani, hakuna aliyeniombea. Nitumie na siku mbaya. Nitumie sauti yako hata ikiwa imekwama, nitajua.

Narudi kwa Miora, kwa sababu kesho uko njiani na rezo ya njia ya Kindu tunaijua. Mwezi uliopita, yeye alipofika kwanza, alifanya nini? Alikupigia picha vitanda viwili, akakuuliza unataka cha dirisha au cha mulango. Hakukujua. Angeweza kutupa mizigo yake juu ya kile kizuri, nani angemulaumu? Wewe ukasema cha dirisha, naye akaweka shuka lake kwenye cha mulango na kukutumia picha tena uone. Ulikuja unaruka kunionyesha. Ndiye huyo. Mwenye chumba cha wachawi ni yule aliyekuachia dirisha.

Sikuamuru umuandikie. Ukiandika kwa sababu nimekuamuru, atasikia sauti yangu ndani, na aliyemukosea si mimi. Tena maneno ya kuandika hayana uso, mutu anaweza kuyasoma akiwa na hasira akayapa sauti ya hasira. Ningekuwa wewe ningetumia mudomo wangu. Ningesema nilichofanya kwa jina lake, bila visura. Halafu ningeuliza lile swali langu moja. Wala nisingemueleza ya kwetu kwanza. Ya kwetu ningeyaacha mpaka aulize.

Umerudi ndani. Nakuona kupitia dirisha, umeweka nguo zote juu ya kiti bila kukunja, wewe ambaye hukunji vibaya hata kitambaa cha mezani. Umekaa kwenye mukeka. Simu bado iko uso chini.

Sijui kama ni vizuri kuandika juu ya mutu huku unamuangalia, lakini ni siku ya mwisho, nisamehe. Una kisogo cha Babu. Sikuwahi kukuambia.

Mujomba Ramazani ameshinda, ni kamba yake ndiyo imefunga sanduku. Baba yako anaizunguka piki-piki akitafuta kosa.

Umeichukua simu. Nasikia. "Miora, bonjour." Umefuta. "Miora, bonjour, ni mimi Feza." Kifaransa chako kizuri kinatetemeka kama cha mutoto wa darasa la tatu. Umefuta tena. Mara ya tatu hukufuta, umeongea muda murefu, nimeshika kalamu bila kuandika. Maneno mengi sikuyasikia kwa sababu ya kelele za baba yako, lakini nimesikia unasema "nisamehe" na nimesikia unasema "babu yako", na mwisho sauti yako imepanda juu kama ya mutu anayeuliza swali. Nafikiri ninalijua.

Sasa umemaliza. Umeiweka simu juu ya mukeka, uso juu. Tunaiangalia sisi wawili, wewe kutoka ndani, mimi kutoka huku nje.

Kama hatajibu leo, Feza, usife moyo. Utafika, utabisha mulango wa chumba kile, na yeye ataona uso wako, na uso wako ninauamini. Mimi nilinyimwa mulango wa kubisha, wewe unao. Alama yako hata ikibaki moja mpaka Kindu, mpaka Kinshasa, wewe unakwenda kule kule ilikokwenda vokali yako, na utafika kwa miguu

Umeniita. "Mama," umesema, "ile video ya koti ya Babu, iko ku kadi gani?" Nimeuliza ya nini. Umesema: "Ameuliza. Ameuliza na sisi kwetu tunafanya aje."

Kadi iko ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati, nimeifunga kwa plastiki. Nakuja kukutolea. Niache tu nimalize mustari huu, kwa sababu kesho asubuhi watu watakuwa wengi na sitapata kukuambia kwamba siku ile ulipolala mbele ya mulango na koti lile, mimi nilisimama nyuma ya watu nikajisemea moyoni kwamba mutoto huyu, popote nitakapomupeleka, ata

Unaniita tena. "Mama, fanya haraka, iko anaandika." Nakuja, Feza, nakuja, nilitaka tu